Ulimi Umefika Welisi, Masikio Bado Yako Tanga

Dakika arobaini. Leo asubuhi nimetoka shifti ya usiku, miguu inawaka moto, nikasimama jikoni dakika arobaini na redio ya Kiwelisi, lugha ya huku Welisi (Wales) ninayojifunza, kama mwalimu alivyoagiza. Mama mmoja anaongea kwa sauti ya chini, nzito, ya majonzi. Nikajua basi, kafa mtu mkubwa. Nikapunguza moto wa chai, nikasimama wima kidogo, kwa heshima. Binti yangu wa miaka saba akaingia kutafuta soksi, akasikiliza nusu dakika, akasema, "Baba, anafundisha kupika bara brith." Bara brith ni mkate wa zabibu.

Mwalimu wetu ana dawa moja tu: sikiliza. Sikiliza ukiosha vyombo, sikiliza ukiwa kwenye basi, lugha itaingia yenyewe. Huu mwezi wa kumi na moja nasikiliza. Kama inaingia, basi inapitia sikio hili na kutokea lile, haikai hata kunywa maji.

Na kosa si la Wawelisi, kosa ni la Tanga. Wenzangu darasani, Waingereza watupu, herufi zinawatoa jasho. Mimi dd yao ni dh ya dhahabu, ch yao ni kh ya kheri. Kusema "yng Nghaerdydd", yaani huko Cardiff, wao wanataka kufa; mimi nimezaliwa nasema ng'ombe. Ilibaki ll peke yake, ile ya paka aliyekanyagwa, nayo niliipata wiki ya pili. Mwalimu akanisimamisha niwasomee wenzangu ukurasa mzima. Nikasoma kama khatibu. Sikuelewa mstari hata mmoja, lakini chuoni, kwenye Kurani, tulishazoea: kusoma ni kazi moja, kuelewa ni kazi ya mtu mwingine.

Balaa likaanzia hapo. Anayebabaika, watu wa Bethesda, mji ninaoishi, wanamhurumia, wanamgeuzia Kiingereza. Mimi nikisema "Sut dach chi?", hujambo?, dukani imetoka safi kabisa, muuzaji anaegemea kaunta na kunimiminia habari za wiki nzima. Sensa ya 2021 ilisema Welisi yote wanaoongea Kiwelisi ni asilimia 17.8. Rafiki yangu alipata kazi Cardiff, anaishi kwa Kiingereza raha mustarehe. Mimi nikapata huku Gwynedd, mkoa wa Bethesda, asilimia 64.4.

Kitabu nilinunua cha mtumba, kumbe cha kusini. Maziwa nimejifunza llaeth, hapa ni llefrith. Sasa hivi nimejifunza nawr, hapa ni rŵan. Angalia vizuri, ni herufi zilezile, zimepinduliwa miguu juu. Na kuelewa kwenyewe! Kitabuni ni deall. Kwa hiyo watu wananiuliza "dach chi'n dallt?", unaelewa?, nami nasubiri deall ipite. Nilikaa miezi mitano sielewi neno la kuelewa.

Sasa jirani yangu. Ni bibi wa miaka themanini na ushei, na alikuwa na mbwa. Mwezi uliopita, Jumanne, nimetoka kutupa taka nikamkuta langoni kwake. Nikajipanga. Nikamtolea sentensi niliyoifanyia mazoezi wiki nzima: "Sut mae'r ci?" Mbwa hajambo? Imetoka tamu, r imetetemeka, nikajipenda.

Bibi akaniangalia, akasema, "Mi fuo fo farw ddoe."

Tulia hapa uone mtu anavyoweza kukosea kwa haki kabisa. Katika lugha hii neno halitulii na herufi yake ya kwanza. Paka ni cath, paka wangu ni nghath, paka wa bwana gath, paka wa bibi chath. Paka mmoja, vitambulisho vinne. Basi kufa, marw, likiingia kwenye sentensi linavua m na kuvaa f, linakuwa farw. Na kubwa, mawr, nalo likienda kwenye duka lilelile la nguo linatoka fawr. Farw, fawr. Kwenye kitabu hata mtoto anazitofautisha. Sasa zipitishe kwenye upepo wa Bethesda, kinywani mwa bibi mwenye skafu mpaka puani. Mimi nilisikia: mkubwa, jana.

"Da iawn!" nikasema. Vizuri sana! Na kwa kuwa nilishapamba moto, nikanyoosha mkono usawa wa kiuno kuonyesha alivyokua. "Mawr! Mawr iawn!"

Bibi akanyamaza. Akautazama mkono wangu pale hewani. Halafu akasema polepole, "Ia. Ci mawr oedd o."

Nikatikisa kichwa kwa furaha. Tunaongea! Akaendelea, na safari hii yalikuja mengi kama mvua ya Usambara, nikawa nasimama pembeni nadaka ninayoyaweza. Pnawn Sadwrn, Jumamosi mchana. Dau o'r gloch, saa mbili yao, ambayo lazima niigeuze kwanza iwe saa nane. Mwisho sauti ikapanda. Swali hilo.

Na hapo ndipo Kiwelisi kinapokumaliza, maana hakina ndiyo moja ya kila swali. Hakina! Ukiulizwa kama kuna kitu, ndiyo yake ni oes. Ukiulizwa kama ulikwenda, do. Kama wewe ni nani vile, ydw. Kama utafanya, gwnaf. Ndiyo yako inafuata kitenzi cha swali, kwa hiyo swali likikupita huna hata njia ya kukubali kijinga kama tunavyokubali kwenye lugha nyingine zote. Nikachagua ile niliyoizoea. "Ydw," nikasema kwa kujiamini. Baadaye nilikuja kujua aliniuliza kama nitamsaidia. Nami nikamjibu: mimi ni.

Nikarudi ndani nikamwambia mama watoto tumealikwa siku ya kuzaliwa ya mbwa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mama, nimeongea naye Kiwelisi dakika tano nzima. Nikanunua mfupa wa mpira, pauni nne, ule unaolia ukibanwa.

Sasa mimi kuelewa huwa naelewa, ila habari inakuja kwa miguu. Ijumaa usiku, saa nane na nusu, nabadilisha shuka kazini, likanifikia neno moja peke yake. Oedd. Ci mawr oedd o. Oedd ni alikuwa. *Alikuwa* mbwa mkubwa. Nikakaa juu ya kitanda nilichotoka kukitandika.

Jumamosi saa nane niko langoni, koti jeusi. Nikakabidhiwa rhaw. Rhaw ni sepetu, na neno hilo sikulisoma kitabuni wala kulisikia redioni, nililipokea mkononi. Bethesda ni mji wa machimbo ya mawe ya kuezekea. Ukichimba robo futi unakutana na bamba, ukiling'oa, chini yake yupo mdogo wake. Mvua. Na mbwa alikuwa mkubwa kweli, hilo sikukosea. Katikati ya kazi mama yangu akapiga kutoka Tanga, akapiga tena, mara ya tatu nikapokea. Nikamwambia niko msibani. "Maskini! Nani?" Jirani, mama. "Kaacha watoto?" Nikamwambia hawajahesabiwa. Akaagiza nifikishe pole zake kwa wafiwa. Nimezifikisha, kwa Kiingereza.

Mfupa ulikuwa mfukoni. Nilipoinama, ukalia. Bibi akanyoosha mkono, nikampa. Akaubana mwenyewe mara moja tena, ukalia, akautupia shimoni. Nikafukia.

Tangu siku hiyo nimekazana. Nimepunguza kasi ya podikasti, mtangazaji akawa kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nimejaribu televisheni yenye maandishi chini. Nimesoma vizuri sana, sijasikiliza kitu. Na naona haya, maana stesheni yenyewe ina watu walioipigania. Mwaka 1980 mwanasiasa wao, Gwynfor Evans, alitangaza atafunga kula mpaka afe kama serikali ya Thatcher haitatimiza ahadi ya chaneli ya Kiwelisi. Serikali ikanywea, chaneli yenyewe, S4C, ikaanza Novemba 1982. Mzee wa watu alikuwa tayari kufa njaa, mimi nasinzia mdomo wazi kwenye kochi. Ninachokielewa chote, mwanzo mpaka mwisho, ni utabiri wa hali ya hewa, kwa kuwa kila siku ni glaw. Glaw ni mvua. Ukisikiliza dakika tatu hizohizo kila siku zinaingia kweli, hilo mwalimu kapatia. Ila sijui nani nitamwambia kuna mvua wakati wote tumeloa.

Serikali ya Welisi inataka wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Nimeisoma mara mbili: wasemaji. Wasikiaji hawakutajwa. Basi na mimi nihesabiwe.

Kuna mzee mmoja pale kazini. Kiingereza alikuwa nacho, kimemtoka na uzee, amebaki na lugha ya mama yake. Miezi mitatu, kila usiku, ananishika mkono, "Dwi isio mynd adra." Mimi nimejifunza eisiau, nimejifunza adref, herufi zote, kwa mtihani. Isio sijui, adra sijui. Nampelekea maji. Anakunywa, kwa adabu, glasi nzima, ananirudishia. Kesho tena. Anataka kwenda nyumbani, mzee wa watu, na mimi namjaza maji miezi mitatu! Na sasa nimeelewa, haya, nimjibu nini? Kitabu kinarukia sura ya kununua tiketi ya treni. Mwalimu anasema sikiliza. Nimeshasikiliza, mwalimu.

Tanga aliwahi kuja kijana wa Kizungu na Kiswahili cha kitabuni. "Je, umekwisha kula?" Nikamjibu, "Nshakula zamani, bana, we n'ambie saivi twenda wapi." Akatabasamu tu, masikini, akitikisa kichwa. Tulimcheka baraza zima mpaka magharibi. Popote ulipo, ndugu yangu, nisamehe.

Sasa juzi bibi kanisimamisha tena langoni. Nimedaka dydd Iau, Alhamisi, na chwech, saa sita yao. Sauti ikapanda. Safari hii nimempa zote, oes, do, ydw, gwnaf, achague mwenyewe inayomfaa. Kacheka mpaka kashika lango.

Leo ndiyo Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nimevaa viatu, niko mlangoni. Mama watoto ananiuliza nakwenda wapi, binti anauliza kama nibebe sepetu.