Kache: muda uhesabiwe tangu data iwekwe au tangu iguswe?

Anayeweka data kwenye kache, yaani hifadhi ya muda inayotunza nakala ili isomwe haraka, lazima aamue itaondoka lini, na njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni ukomo usiosogea: data iliyowekwa saa 4:00 na kupewa dakika 10 inaondoka saa 4:10, hata kama watu wanaisoma kwa maelfu. Ya pili ni ukomo unaosogea: kila ikisomwa hesabu inaanza upya, na inaondoka tu ikikaa dakika 10 bila kuguswa. ASP.NET Core, zana ya Microsoft ya kutengenezea tovuti, inazo zote mbili, AbsoluteExpiration na SlidingExpiration, na madevelopa hubishana hapo.

Wanaopenda ukomo unaosogea wana hoja. Mtu aliyeingia kwenye akaunti yake hafai kutolewa nje katikati ya kujaza fomu eti kwa sababu nusu saa imetimia. Vilevile, visivyosomwa vinajiondokea na kumbukumbu ya seva inabaki na vinavyotakiwa. Hata hivyo, kwa akaunti pia ningeweka kikomo cha mwisho, maana aliyeiba kuki (alama ndogo kwenye kivinjari inayomtambulisha aliyeingia) naye anausogeza muda.

Ubaya wake unaonekana kwenye kitu kama bei ya dola kwa shilingi. Ukurasa unafunguliwa kila dakika, ukomo unaosogea ni dakika 10: bei hiyo haitaisha. Benki imebadilisha asubuhi, jioni mteja bado anaona ya jana, na kadiri ukurasa unavyotembelewa ndivyo kosa linavyodumu. Wakati wa majaribio huwezi kuliona, kwa sababu unayefungua ni wewe peke yako. Nyaraka za Microsoft zenyewe zinashauri kuunganisha aina hizo mbili, nami sioni sababu ya kutumia unaosogea peke yake kwa data inayobadilika huko ilikotoka.

Usiosogea nao si malaika. Bidhaa elfu moja zikiingizwa pamoja seva inapowaka, zinaisha pamoja, na maombi yote yanaiangukia hifadhidata kwa mkupuo. Hili lina dawa nyepesi: kila kimoja kiongezewe sekunde kadhaa za kubahatisha.

Kuna na mitego ya zana zenyewe. Memcached, mojawapo ya programu za kache, inahesabu muda kuanzia sasa mradi usizidi siku 30, yaani sekunde 2,592,000. Ukizidi hapo inausoma kama tarehe inayohesabiwa tangu mwanzo wa 1970, kwa hiyo aliyeandika sekunde za siku 31 ameomba Februari 1970, na data yake imekufa kabla ya kusomwa. Redis, programu nyingine ya kache, inakosea upande wa pili: ukiandika thamani upya kwa SET (amri yake ya kuandika) ya kawaida, muda uliowekwa awali unafutika na data inabaki bila ukomo. Ongeza kwenye amri hiyo neno KEEPTTL, linalobakiza muda wa awali na lililokuja na toleo la 6.0, au taja muda upya kila unapoandika.