Feri Haitamaliza Foleni ya Daraja, Lakini Ninaiunga Mkono

Kila Desemba, nusu ya Nairobi inapoteremka Mombasa, malalamiko kuhusu Daraja la Nyali huanza upya, na katika kila mjadala hakosekani mtu wa kuuliza kwa nini serikali isinunue feri za abiria zikavusha watu kati ya kisiwa na bara ya kaskazini ili daraja lipumue. Swali hilo huulizwa pia Lagos, Istanbul na San Francisco, miji iliyogawanywa na maji na yenye madaraja yasiyotosha. Sisi wa Nairobi, ambao mito yetu haina kina cha kuelea hata mtumbwi, tungeweza kulipuuza. Lakini hoja iliyomo ndani yake ndiyo ileile tunayopewa hapa kila barabara au treni mpya inapozinduliwa, kwamba njia ya pili ikiongezwa, foleni katika ile ya kwanza itapungua. Mimi siiamini hoja hiyo. Ninachoamini ni kwamba feri huwaondolea adha wale wanaoipanda, na kwamba hiyo ni sababu ya kutosha ya kuiweka, ilmradi wenye magari wasiahidiwe kile ambacho haiwezi kuwapa.

Tuanze na hesabu. Leni moja ya barabara kuu, magari yakienda bila kukwama, hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Tuseme kuna feri zinazobeba abiria 400 kila moja, na moja inaondoka gatini kila baada ya dakika 20: hao ni watu 1,200 kwa saa kuelekea upande mmoja. Ikiwa kila mmoja wao ameacha nyumbani gari alilokuwa akiliendesha peke yake, daraja limepunguziwa magari 1,200, yaani zaidi ya nusu ya leni nzima, na hilo si jambo dogo. Lakini wengi wanaovuka Nyali asubuhi, kama wengi wanaoingia Nairobi asubuhi, wamo ndani ya matatu. Watu 1,200 wakitoka katika matatu za abiria 14, tumeondoa magari 86 hivi. Wakitoka katika zile za abiria 33, hatujafikisha hata 40. Hapo ninajaalia kwamba mwenye matatu atakubali kulilaza gari lake kwa ajili ya manufaa ya umma, jambo ambalo sijapata kuliona. Kwa hiyo chombo kilekile, chenye viti vilevile, kinaweza kulifaa daraja la San Francisco na kikapita bila kutambuliwa katika daraja la Mombasa, kwa sababu tu ya nani aliyekuwa ameketi katika gari linaloachwa.

Hata hiyo nusu ya leni ikipatikana, haikai wazi. Aliyekuwa akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili kuikwepa foleni ataanza kutoka saa moja, na aliyekuwa akiliacha gari lake kwa kuogopa kukwama atalitoa. Barabara ya Thika ilipanuliwa mwaka wa 2012 ikawa na leni nane, na anayepita pale jioni hahitaji kuelezwa kilichofuata. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa mwaka wa 2022. Wanaolipa hupita juu kwa raha, na Barabara ya Mombasa iliyo chini yake ingali imejaa.

Ushahidi bora ninaoufahamu kuhusu feri unatoka katika Ghuba ya San Francisco. Daraja la Bay lilifunguliwa mwaka wa 1936 na lile la Golden Gate mwaka uliofuata, na kidogo kidogo yakaziua feri zilizokuwa zikiwavusha watu, hadi ya mwisho iliyovuka ghuba ikasimamishwa mwaka wa 1958. Kisha Golden Gate, lenye leni sita tu na lisiloweza kupanuliwa kirahisi, likafurika. Mwaka wa 1970 shirika lenyewe linalosimamia daraja lilianzisha feri kutoka Sausalito, na mwaka wa 1976 likaongeza nyingine kutoka Larkspur, huku pengo la gharama likizibwa kwa ushuru unaolipwa na magari darajani. Ninaupenda mpango huo: daraja lililoziua feri ndilo linalozilisha leo. Foleni haijaisha pale, lakini wapo watu wanaofika kazini wakiwa wamesoma gazeti, na hawamdai mtu lingine. Isitoshe, tetemeko la ardhi la Oktoba 1989 lilipoangusha kipande cha Daraja la Bay na kulifunga kwa mwezi mzima, ni feri zilizoharakishwa kuwavusha watu. Mji wenye daraja moja tu kuelekea upande fulani ungefaa kulitafakari jambo hilo kabla ya lolote lingine.

Mwendo wa kasi, hata hivyo, una gharama. Feri za kwanza za Larkspur ziliendeshwa kwa injini za tabo (turbine) zilizokuwa zikinywa mafuta kupita kiasi, na katika miaka ya 1980 zikabadilishwa na kuwekewa za dizeli. Majini, kuongeza kasi kidogo huongeza mafuta sana, na anayeahidi safari ya haraka kwa nauli ya chini aulizwe ni nani atakayejaza tangi.

Linaloamua zaidi, kwa maoni yangu, ni pale abiria anaposhuka. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 2016, pantoni ya Magogoni haikukosa watu, kwa sababu daraja liko Kurasini ilhali pantoni humshusha mtu Kivukoni, hatua chache kutoka katikati ya mji. Hapa kwetu, treni ya Syokimau, ambayo kituo chake kilifunguliwa mwaka wa 2012, humfikisha mtu katika Stesheni ya Reli, na anayefanya kazi karibu na hapo huiona kuwa neema. Anayekwenda Westlands au Upper Hill inambidi atembee au apande gari jingine na kulipa tena. Safari ya vyombo vitatu na nauli tatu humshinda mtu hata kama chombo cha katikati ni kizuri.

Sasa turudi Nyali. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka wa 1980, na maji linayoyavuka ni membamba, hivyo feri itakayovuka papo hapo kando yake haitamwokolea mtu chochote, maana foleni yenyewe ameshaikalia kabla ya kufika ukingoni. Faida ingepatikana kwa kuanzia mbali, tuseme Mtwapa. Lakini kutoka Mtwapa inabidi kupita nje ya mwamba wa matumbawe, na wakati wa kusi bahari hiyo si ya kumpeleka karani kazini akiwa na shati lililopigwa pasi. Njia inayonivutia ni ya ndani, katika Mkondo wa Tudor, kwa kuwa mkazi wa Mishomoroni, upande wa bara, anayekwenda mtaa wa Tudor kisiwani huzunguka hadi Kongowea na darajani ilhali kisiwa kiko ng'ambo ya maji anayoyaona.

Usalama nisiupite kimya. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 250 wakafa. Feri ya abiria isiyo na hesabu ya watu langoni, na isiyo na nahodha mwenye mamlaka ya kukataa kuondoka, afadhali isiwepo.

Na fedha? Daraja la Nyali halilipiwi, kwa hiyo mpango wa Golden Gate hauwezi kunakiliwa vivi hivi. Ruzuku italazimika kutoka katika bajeti ya kaunti au ya serikali kuu, na itahitajika kila mwaka, kwani feri za namna hii hujaa asubuhi na jioni na saa sita mchana husafirisha viti. Kwenye feri ya Likoni, kusini mwa kisiwa, anayetembea kwa miguu havukishwi kwa malipo, na Mombasa imezoea hivyo. Ningepewa mimi kuamua, ningeanza na Mishomoroni na Tudor, kwa vyombo vidogo viwili au vitatu vyenye ratiba isiyovunjwa, nauli isiyozidi ile ya matatu, na matatu zenyewe zikiwa na kituo pale gatini. Mafanikio yake ningeyapima kwa muda ambao mkazi wa Mishomoroni anautumia kufika kazini, wala si kwa urefu wa foleni pale Nyali.