Pikipiki yako haina kelele? Kaangalie valvu ya ekzosi

Wakuu, leo nina dukuduku na hii tabia yetu ya kusifia pikipiki eti "injini imenyamaza hadi unaweza kudhani haijawaka". Hata mimi nilikuwa humo humo, kelele kidogo tu ya tapeti (zile skrubu za kurekebisha mwanya wa valvu) nakosa usingizi, mpaka siku valvu ya ekzosi (kimlango cha kutolea moshi kwenye injini) iliponigandia ndani ya gaidi. Hilo jina sijalitunga mimi, mafundi ndio wanakaita hivyo kale kabomba kadogo ambamo mguu wa valvu unapanda na kushuka, na kwa alichonifanyia huyo gaidi nakubali jina limekaa mahali pake.

Ilianza hivi. Asubuhi nikiwasha tapeti zinagonga ti-ti-ti kwa mbali, nikapeleka kwa fundi mmoja nikamwambia hiyo kelele sitaki kuisikia kabisa, naye hakubisha, injini bado ya moto akafungua kifuniko akaanza kukaza kwa sikio, anakaza anawasha anasikiliza, fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) sikuiona hata kwa mbali. Ikanyamaza. Nikaondoka najiona nimepata fundi wa maisha kumbe mjinga ni mimi niliyeagiza ukimya.

Wiki chache mbele ikaanza vituko, asubuhi haiwaki mpaka ubembeleze, mlimani haina nguvu, ukiachia gesi sailensa inapiga risasi, na ikishapata moto sailensi (ule mzunguko wa taratibu bila gesi) haikai inazima. Mimi nikawa nahangaika na kabureta na plagi. Baadaye nikaiegesha kama miezi miwili hivi kwa mambo mengine, siku narudi napiga kiki, mguu unaenda wenyewe bila kizuizi chochote, kompresheni sifuri. Nikafungua kifuniko cha tapeti nikakuta roka ya ekzosi (ule mkono unaoisukuma valvu) inachezacheza imelegea, wakati tapeti ilikuwa imekazwa! Hiyo ndiyo dalili yenyewe, valvu imebaki chini haijarudi juu, roka haina cha kushika.

(Kuna watu wa pikipiki kubwa watadhani naongelea ile klapu ya kwenye bomba inayovutwa na nyaya, inayoganda kwa kutu. Hiyo ni habari nyingine na haiuwi injini, mimi naongelea valvu ya ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini.)

Sasa tapeti iliyokazwa sana inahusiana vipi na valvu kuganda? Valvu ya ekzosi inaishi kwenye moto kuliko kitu chochote pale juu, mwenzake wa kuingiza anapozwa na hewa na petroli mpya kila mzunguko ila yeye anapitiwa na moshi wa moto tu. Nafasi yake kubwa ya kupumua ni pale anapokaa kwenye siti (pete anayokalia akiziba tundu) amefunga, joto linahamia kwenye hedi. Chuma kikipata moto kinarefuka, ndio maana tunaacha mwanya kwenye tapeti, pikipiki nyingi ndogo za silinda moja ni kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa baridi. Ukiumaliza huo mwanya valvu haikai vizuri kwenye siti, moshi unapenya pembeni unaitafuna, joto linakosa pa kwenda linashuka kwenye mguu, oili iliyoko kwenye gaidi inaungua inakuwa masizi magumu, na nafasi kati ya mguu na gaidi ni sehemu chache tu za mia za milimita. Masizi kidogo tu yanatosha. Yangu ikasimama ikiwa imefunguka nusu, unyevu ukaingia kupitia bomba la ekzosi miezi yote miwili, kutu ikamalizia kazi.

Na hiki ndicho kinachoniudhi zaidi: valvu inavyozidi kuchimba siti inapanda juu, mwanya unapungua wenyewe, kelele inapungua wenyewe. Yani pikipiki inavyoumwa ndivyo inavyozidi kunyamaza na wewe unazidi kuisifia! Tapeti inayogonga sana ni tatizo sawa, inakula ncha ya valvu na roka, lakini kati ya hizo mbili mimi nachagua ya kelele mara mia, maana hiyo inakuambia. Ya kimya inakuzika.

Haya, imeshaganda. Kitu cha kwanza acha kupiga kiki, tena usiisukume kwa gia, pistoni ikipanda ikakutana na valvu iliyobaki chini mmoja lazima apinde, na kama injini yako ni ya pushrodi (vijiti vinavyosukuma roka) nayo inaweza kuchomoka mahali pake au kupinda. Cha pili nyundo weka mbali. Nimeona watu wanaigonga ncha ya valvu kwa nguvu, kumbe unaizidisha kushuka na ncha inapanuka kama uyoga, halafu siku ya kuitoa ile ncha iliyopanuka inapita kwenye gaidi inaikwaruza yote. Ukikuta imeshapanuka ipige tupa kwanza pembeni, na pale kwenye mfereji wa loki zinazoshika springi pia pitisha msasa, ndio uitoe.

Kuna ujanja wa kamba, unatoa plagi unaingiza kamba ya pamba ndani ya silinda, mwisho mmoja ubaki nje, unazungusha injini taratibu kwa spana pistoni iisukume kamba na kamba iisukume valvu juu. Unafanya kazi, nimeujaribu ikarudi. Ila maoni yangu, huo ni wa kukufikisha nyumbani tu, maana masizi na kutu vimebaki pale pale na itaganda tena. Fungua hedi.

Mimi nilifungua, nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili nikaiacha usiku kucha, hapa ndipo wengi tunashindwa, tunataka saa moja iwe tayari. Kesho yake nikabana springi nikatoa loki (vile vipande viwili vya nusu-nusu, vikidondoka utavitafuta mpaka giza, weka kitambaa chini), nikapasha hedi moto kidogo kisha nikawa naizungusha valvu kushoto kulia kwa mkono, kila ikilegea naongeza mafuta. Ilitoka bila kipigo. Mguu ulikuwa mweusi ti na una mabaka ya kutu, uso umetafunwa upande mmoja, hiyo haisagwi ni ya kutupa. Gaidi nikaisafisha, nikaweka valvu mpya na sili yake mpya nikaitikisa, ikicheza kushoto kulia sana basi gaidi nalo libadilishwe, langu lilikuwa bado zima. Nikasaga siti, nikafunga springi, nikamimina mafuta ya taa kwenye tundu la ekzosi nikasubiri. Hayakuvuja. Kuna aliyeniambia ninunue hedi nzima mpya kabla hata hajaifungua ya zamani, huyo mimi sitamuelewa maisha yangu yote.

Kwenye kupima tapeti wengi wanakosea hapa: pistoni inafika juu mara mbili kwa mzunguko mzima wa kazi, alama ya T kwenye magneti (gurudumu la sumaku pembeni mwa injini) inaonekana mara zote mbili, na unayoitaka wewe ni ya kompresheni, ambapo roka zote mbili zinacheza kidogo. Ukipima kwenye ile nyingine unajidanganya. Na injini iwe baridi kabisa, imelala usiku. Ukiwa unaiegesha muda mrefu pia iache hapo hapo kwenye kompresheni, valvu zote zimefunga, bomba la ekzosi lizibwe.

Sasa hivi inagonga ti-ti-ti kila asubuhi, fila geji ya 0.08 inapita kwa kusugua kidogo kama inavyotakiwa. Juzi jamaa yangu amepanda nyuma akaniambia "kaka hii tapeti zimelegea, nina fundi wangu anazinyamazisha dakika tano tu". Nikamwambia huyo fundi abaki naye.