Safari fupi za misheni mkoani Tanga na kazi inayobaki kwa wenyeji

Masika yakishapita na barabara ya kutoka Handeni kwenda Songe ikakauka, huanza msimu wa kwenda misheni. Vijiji vya Kilindi, Handeni na Mkinga hupokea wageni wa makanisa kutoka Marekani, Ujerumani au Uingereza, na siku hizi hupokea pia vijana wetu wenyewe wa vyuo, wa vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA au CASFETA, waliochangishana nauli ili wakae huko wiki moja au mbili. Huhubiri, hupima presha, hugawa dawa na madaftari, hupaka darasa rangi, kisha huondoka. Wanaozitetea safari hizi huziita upendo uliopata miguu, na wanaozipinga huziita utalii uliobeba Biblia. Kwa maoni yangu pande zote mbili hupoteza nguvu nyingi kubishana juu ya urefu wa safari na usafi wa nia za wasafiri, na huligusa juu juu tu jambo linaloamua kama kijiji kitafaidika: aina ya kazi iliyochaguliwa, na nani ataachiwa mzigo wa kuiendeleza.

Wapinzani hupenda kuanza na historia, nao wana haki ya kufanya hivyo. Ukristo haukufika pwani hii kwa ziara za wiki mbili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, Waanglikana wa shirika la misheni la UMCA waliweka kituo Magila, karibu na Muheza, katika miaka hiyohiyo, na wamisionari wa Kilutheri wakafika Mlalo, Usambara, mwaka 1891. Watu hao walijifunza lugha za wenyeji, walijenga shule na hospitali, na makaburi ya misheni ya Bagamoyo yanaonyesha ni wangapi kati yao walizikwa wakiwa bado vijana. Ukimweka mgeni wa siku kumi kando yao, ataonekana mwepesi mno. Lakini historia hiyohiyo ina upande ambao wapinzani huupita haraka: aliyekaa muda mrefu alishika pia funguo za kila mlango, na ilichukua miongo mingi kabla wenyeji hawajakabidhiwa uongozi wa makanisa waliyokuwa wakiyahudumia wenyewe. Kukaa sana, peke yake, si dawa.

Maandiko nayo hayampi ushindi mtu anayepima kwa kalenda. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, ila Thesalonike tunaambiwa alihojiana na watu katika sinagogi kwa sabato tatu, kisha fujo zikazuka na ndugu wakamtorosha usiku. Hata hivyo kanisa likabaki pale. Ukisoma waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike unaona sababu: alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu, na aliposhindwa kurudi mwenyewe alimtuma Timotheo akawaimarishe. Safari ilikuwa fupi, lakini ufuatiliaji haukukatika. Wanaomtaja Paulo kama mfano wa safari fupi wangefanya vema kumtaja na Timotheo.

Tofauti kati ya kazi na kazi huonekana vizuri zaidi katika huduma za afya, na hapa Tanga tuna mfano wetu. Ukanda wa pwani, kuanzia Mkinga hadi Pangani, umeteswa kwa vizazi na matende na mabusha, ambayo chanzo chake ni minyoo midogo inayosambazwa na mbu, wakiwemo wale wanaozaliana katika vyoo vya shimo. Kampeni za serikali za kugawa ivermectin na albendazole kwa watu wote hukata maambukizi, lakini dawa hizo hazimwondolei busha mzee ambaye tayari analo. Huyo anahitaji upasuaji, na mara nyingi upasuaji huo hufanyika mara moja na kumalizika. Timu ya madaktari wapasuaji ikija kwa wiki mbili, ikafanya kazi pamoja na wauguzi wa hospitali ya wilaya watakaosafisha vidonda baadaye, inaweza kumrudishia mvuvi uwezo wa kupanda mtumbwi na heshima ya kukaa barazani bila kujificha. Mtoto wa jicho ni vivyo hivyo. Kwa kazi za namna hii, kuuliza kwa nini wageni hawakukaa mwaka mzima ni kuuliza swali lisilohusika.

Sasa ichukue presha, ambayo takriban kila msafara hupenda kuipima kwa sababu kifaa chake ni chepesi na foleni huenda haraka. Mama wa miaka sitini anaambiwa presha yake iko juu sana, anapewa vidonge vya mwezi mmoja, anaombewa, anarudi nyumbani. Mwezi ukiisha anakwenda zahanati, na mganga mfawidhi hana dawa ya aina ile wala karatasi inayoeleza alichopewa. Ugonjwa wa maisha yote umetibiwa kwa siku thelathini. Zaidi ya hapo, mama huyo amejifunza kwamba dawa nzuri huletwa na wageni, na kwamba zahanati ya kijiji ni mahali pa kwenda wageni wasipokuwepo. Hasara hiyo ya pili haiandikwi katika taarifa ya safari, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza.

Kanuni za kuzuia mambo hayo zipo. Daktari wa kigeni hutakiwa kupata usajili wa muda kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, uingizaji wa dawa husimamiwa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapofika nchini. Wapo wanaolalamika kwamba masharti hayo yanazima moyo wa kutoa. Silikubali lalamiko hilo. Anayetibu Mzigua wa Kilindi anapaswa kubanwa na masharti yaleyale yanayombana akitibu watu wa kwao.

Kuhusu ujenzi, watetezi wana kazi ngumu zaidi. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, mtafiti Kurt Ver Beek alilinganisha nyumba zilizojengwa na vikundi vya wageni na zile zilizojengwa na mashirika ya Kikristo ya wenyeji. Ukijumlisha nauli za wageni, nyumba moja yao iligharimu takriban dola 30,000. Ya wenyeji ilikuwa dola 2,000. Katika maisha ya familia zilizozipokea hakuona tofauti ya maana. Honduras si Handeni, ila hesabu ya nauli haibadiliki sana, na Handeni haijawahi kukosa mafundi. Watetezi hujibu kwamba fedha hizo zisingechangwa kama watu wasingesafiri, na kwamba mtu aliyekwishala ugali na mwenyeji wake huendelea kutoa kwa miaka mingi. Jibu hilo lina ukweli: uhusiano wa sharika na sharika umewasomesha watu wengi. Ila likikubaliwa lote, kijiji kinageuka darasa la kumfundisha mgeni huruma, na wanafunzi wa darasa hilo ndio wanaochagua somo.

Kuna suala jingine ambalo mwandishi wa mkoa huu hawezi kulikwepa. Vijiji vingi vya pwani yetu ni vya Waislamu, na watu wa dini mbili wameoana, wamezikana na kualikana sikukuu kwa miaka mingi. Kuhubiri ni haki inayolindwa na ibara ya 19 ya Katiba, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale foleni ya dawa inapopitishwa kwanza kwenye mahubiri, kwa sababu mgonjwa hana uhuru wa kuondoka. Kanuni za maadili za mashirika ya misaada za mwaka 1994, zilizoandaliwa na vyama vya Msalaba Mwekundu na mashirika wenzao, zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa dini fulani. Watakaosema kwamba hiyo ni sheria ya kidunia wakumbuke kwamba Yesu aliwaponya wakoma kumi, na tisa walikwenda zao bila kurudi kushukuru, wala hakuwanyang'anya uponyaji wao.

Vijana wa vyuo wanastahili kusemwa kidogo, maana mjadala huu huwasahau. Wanajua Kiswahili, nauli yao ni ya basi na bodaboda, na wanaweza kurudi Pasaka ijayo. Faida hizo ni kubwa, lakini nao huweza kufika Kilindi na dharau ya mtu wa mjini, wakimfundisha mwinjilisti wa kigango mambo aliyoyaishi kabla hawajazaliwa.

Yote haya yangerekebishika kwa urahisi kama mwenyeji angeweza kukataa, na hapo ndipo penye kikwazo kikubwa. Mchungaji anayeandikiwa kwamba kikundi cha watu ishirini kitafika Julai kupaka shule rangi anajua kwamba hitaji la kijiji ni tanki la maji, lakini anajua pia kwamba kanisa linalowatuma wageni hao ndilo linalolipia ada za watoto wa usharika. Atajibu kwamba wanakaribishwa sana. Kwa hiyo sioni haki kumtwika mchungaji mmoja jukumu la kusema hapana. Dayosisi ndizo zenye uzito wa kuandika katika mikataba yao ya ushirikiano kwamba orodha ya kazi hutoka kwa usharika na zahanati kabla tarehe ya safari haijapangwa, kwamba mganga mfawidhi hupewa kumbukumbu za kila mgonjwa aliyeonwa, na kwamba usharika ukisema mwaka huu hauhitaji wageni, ada za watoto zitaendelea kulipwa kama kawaida.