Mbona kuwashwa hamkutaja?

Makala yenu inasifu sindano moja ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwenye uti wa mgongo kwa wanaofanyiwa upasuaji wa utumbo. Mimi niliyechomwa nakubali: usiku wa kwanza nilikohoa nimekumbatia mto tumboni, na mshono haukunitoa machozi. Ajabu ni udogo wa dozi. Kwa kawaida haifiki hata nusu miligramu, kwa sababu inaingia moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, na nguvu yake hudumu karibu siku nzima.

Ila mwandishi kasahau kuwashwa! Pua, mashavu, kifua. Nilijikuna mpaka alfajiri kama niliyeangukia upupu. Mkojo nao unaweza kugoma. Na suala la kupumua si la kupuuza: mofini hiyo inaweza kupunguza kasi ya pumzi saa nyingi baada ya sindano, ndiyo maana nesi alikuja kila saa kuhesabu pumzi zangu, akiniamsha kabisa (nilimnunia, Mungu anisamehe).

Mkiandikiwa sindano hii, ulizeni mapema mtapewa nini ikiisha nguvu. Mimi sikuuliza, na mchana wa pili nilikiona cha mtema kuni.