Nani Anakula Karanga Humu Ndani?

Nianze na kaka yangu maana yeye ndo chanzo cha yote, na kama anasoma hapa asijifanye hajijui. Kaka alienda Moroko kikazi, akarudi, na tangu arudi amekuwa profesa wa mti mmoja. Mti wenyewe ni argan. Sisi wenye nywele za asili tunaujua kwa mafuta yake, tena yale ya kwenye vichupa vidogo ambavyo ukigeuza nyuma kusoma unakuta silikoni ndo imetangulia na argan yenyewe imetupwa huko mwisho karibu na marashi, ipo kwa heshima tu. Kwa hiyo kaka aliposema kabeba ya kwenyewe, yaliyokamuliwa na wamama wa kule kule, mimi na kipilipili changu kikavu kinachokatika ncha nikikionyesha tu kitana, nilifika kwa mama kabla hajafungua begi.

Tukakaa watatu. Mezani chupa mbili, zote zile za maji ya kunywa zilizokwishatumika, hazina lebo wala alama, maana alinunua barabarani kati ya Agadir na Essaouira na huko wanauza hivyo hivyo. Sasa badala ya kugawa akaanza somo. Kwamba mti huu asili yake ni kusini magharibi mwa Moroko, kwamba mizizi yake inazama chini sana na ndo inasaidia kuzuia jangwa lisisogee, kwamba UNESCO waliifanya misitu yake kuwa hifadhi mwaka 1998, halafu 2014 ujuzi wa kukamua mafuta yenyewe ukaingizwa kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu wote, na kwamba Umoja wa Mataifa wameupa mti siku yake ya kimataifa, kila tarehe 10 Mei.

Mama akamkatisha. "Yaani mti una siku yake inakumbukwa na dunia nzima. Ya kwangu mimi mama yenu mara ya mwisho mliikumbuka lini?"

Kimya. Kaka akaona njia salama ni kutoa simu na kutuonyesha mbuzi. Na kweli, mbuzi wako juu ya mti, sio wameegemea, wamepanda mpaka matawi ya juu kabisa wamesimama wanakula matunda. Akasema wanapanda wenyewe, ingawa siku hizi wengine wanapandishwa makusudi ili watalii wapige picha watoe hela. Mama akauliza wanashukaje. Kaka akajifanya hajasikia, akahamia kwenye kokwa: ganda gumu la ajabu, wamama wanakaa chini wanapasua moja moja kwa jiwe juu ya jiwe, lita moja inakula kilo 30 na ushee za matunda, kiini kinasagwa kwenye jiwe la mkono mpaka kinakuwa rojo zito, rojo linakandwa na maji ya uvuguvugu mpaka mafuta yajitoe. Hapo akasimama kabisa kutuonyesha namna ya kukanda, hewani, jasho linamtoka.

Alisema kila kitu huyu mtu. Kasoro kitu kimoja, tutakifikia.

Mwisho akashika chupa, "hii yako mama, hii yako wewe," bila hata kuziangalia, akili yake bado iko kwa mbuzi.

Usiku ule nikajipanga. Nikaosha nywele, nikaweka kondishena, nikasuuza, nikaziacha na unyevu wake maana mafuta hayaleti maji kichwani, kazi yake ni kuyafungia yasitoke, ukipaka kwenye nywele kavu umefunga mlango wa nyumba ambayo haina mtu. Nikamimina mafuta kwenye kikombe, kikombe nikakitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto. Rangi yake ilikuwa ya dhahabu iliyoiva, inaelekea kahawia, na chini kumejikusanya vumbi laini la masalia, nikitikisa linapanda juu taratibu. Nikanusa. Karanga. Sio harufu ya kubahatisha, karanga zilizotoka kwenye kikaango sasa hivi. Nikafurahi, nikasema si ndo uhalisi wenyewe huu, yale ya vichupa yananukia waridi kwa sababu yamechakachuliwa!

Nikagawa kichwa mafungu manne, nikabana na vibanio, nikaanza kupaka. Na nywele zangu ni zile sugu ambazo hata maji yakifika yanakaa juu kwanza yanajadiliana kama yaingie au yasiingie, kwa hiyo sikupaka kwa ubahili. Ngozi ya kichwa ilipata, ncha zilipata, masikio nayo yakapata ambayo hayakuomba. Nikasuka twisti, nikafunga kitambaa cha satini, nikalala. Katikati ya usiku njaa ikaniamsha, njaa ya kweli, nikaenda jikoni nikasimama gizani natafuna mkate mkavu na sielewi imetoka wapi maana nilikula vizuri tu.

Asubuhi nikafumua twisti. Jamani. Kilikuwa kichwa cha kwenye tangazo, kila fungu limejikunja lilivyotakiwa, linang'aa, linadunda. Harufu sikuisikia tena, pua ukilala nayo kwenye kitu usiku kucha inazoea inanyamaza. Nikapiga picha zangu, nikaenda kazini natembea polepole makusudi ili watu waone.

Siku hiyo tulikuwa na kikao. Chumba kidogo, watu wengi, kiyoyozi kimekufa, madirisha ni yale ya mapambo hayafunguki. Nikakaa katikati, nywele zimeenea. Bosi akaanza kusoma ajenda, akasita, akanusa, akaendelea, akasita tena. Akavua miwani.

"Samahani. Nani anakula karanga humu ndani?"

Watu wakatazamana. Hakuna anayetafuna. Bosi akasema haiwezekani, harufu iko hapa hapa. Kule pembeni mzee mmoja wa uhasibu akasimama ghafla, yeye ana mzio wa karanga, akakusanya makaratasi yake akatoka nje akasimama koridoni, akasema atafuatilia kikao kutokea mlangoni na mwenye karanga azitoe kwa amani. Ikawa kesi sasa. Kijana aliyekaa kushoto kwangu akashukiwa kwa sababu tu huwa anakula kula, maskini akafungua begi lake mbele ya watu, likatoka chaja, soksi na barua ya benki ambayo naamini hakutaka tuione.

Na mimi ndo niliyekuwa mkali kuliko wote! Nikageuka huku, nikageuka kule, nasema kwa kweli watu wawe na ustaarabu, hiki ni kikao, mtu ana mzio mnamwekea maisha rehani kwa sababu ya tumbo. Kila nikigeuza kichwa upande mmoja, upande ule wananusa na kulalamika. Nikigeuka upande wa pili, malalamiko yanahama. Nilivyozidi kuwa mkali ndo nilivyozidi kusambaza.

Halafu joto likafanya kazi yake. Karatasi ya mahudhurio ikanifikia, nikainama kusaini, tone likateleza kutoka kwenye nywele, likapita kwenye paji la uso, likatua juu ya jina la bosi. Karatasi ikageuka ya kuonea upande wa pili. Dada wa masjala aliyekuwa jirani yangu akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akasogeza pua taratibu mpaka karibu na sikio langu, akavuta pumzi ndefu.

"Dada," akasema kwa upole, ule upole wa kumpa mtu habari ya msiba. "Ni wewe. Ni kichwa."

Basi ikabidi nithibitishwe. Bosi akaja akanusa kwa mbali. Kijana wa begi akaja akanusa kwa karibu, tena kwa uchungu, halafu akapiga meza. Nikajitetea kwa silaha pekee niliyokuwa nayo, nikatoa somo lote la kaka: mti, jangwa, 1998, wamama, mawe. Nikamwambia mzee wa koridoni asiogope, argan na karanga hata ukoo hawana, karanga ni jamii moja na maharage, argan ndugu yake ni ule mti wa mafuta ya shea. Mzee akanijibu, "Nimekuelewa binti yangu, ila simama hapo hapo ulipo." Nilipofika kwenye mbuzi, kikao kikavunjika kabisa, simu zikatoka watu wanatafuta picha, na bosi na digrii zake zote akauliza wanashukaje.

Nikatoka nje kuvuta hewa, simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, haya mafuta ya kaka yako mbona hayana ladha? Nimechovya mkate, nimemwagia kwenye saladi, hakuna kitu. Ila midomo imelainika kweli kweli."

Nikashika ukuta. "Mama, ya kwako yana rangi gani?"

"Meupe meupe, ya njano kwa mbali."

"Yananukia?"

"Ningesikia yananukia ningelalamika?"

Nikampigia kaka. Ndo hapo profesa akakumbuka ukurasa aliouruka. Kumbe viini vikikaangwa kwanza ndo yanatoka yale ya rangi iliyokolea na harufu, hayo ni ya kula. Visipokaangwa yanatoka mepesi, ndo ya ngozi na nywele. Alinunua chupa moja moja. Ya kula ilikuwa ya mama, ya nywele ilikuwa yangu. "Si niliwaambia?" anasema. Kaka, ulituambia majina ya miji, ulituambia mpaka tarehe, ulikanda hewa mbele yetu!

Namshukuru Mungu yale ya mama yalikuwa mafuta matupu hayajatiwa marashi wala dawa, hayakumfanya kitu. Nilipomweleza akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo chakula changu ndo kiko kichwani kwako."

Jioni nikaosha kwa shampuu, nikasuuza, nikarudia, nikabadilisha shampuu. Mafuta yakatoka, harufu ikagoma, na kitambaa cha satini na foronya vyote vikawa vimeshaungana nayo. Wikendi nikampelekea mama kilichobaki kwenye chupa, robo haifiki. Kaka naye alikuwepo, kakaa kwa adabu, amesaga lozi na kutia asali kwa sababu Wamoroko wanachanganya hivyo na argan kisha wanapaka kwenye mkate, wanaita amlou, na alikuwa na hamu ya kujisafisha. Mama akafungua kizibo, akanusa, akanitazama kichwani, akanusa tena.

"Mbona haya mafuta yananukia wewe?"

Lakini alikula, tena akaongeza. Mimi nikaona muda mzuri ndo huu, nikaomba ile chupa yangu. Mama akaendelea kutafuna bila haraka, akanyoosha mkono akanionyesha kiwiko, kilaini, kinang'aa, sijawahi kukiona hivyo tangu nizaliwe.

"Chupa ipi?" akasema.