Je, kila aliyepandikizwa kiungo apewe dawa ya fangasi?

Aliyepandikizwa kiungo hutumia dawa za kushusha kinga ili mwili usikikatae, na fangasi ambazo wengine wetu huzivuta kwa pumzi bila kudhurika hupata upenyo hapo. Madaktari wamegawanyika: kila mpokeaji aanzishiwe dawa ya kuzuia fangasi mapema, au wapewe walio katika hatari kubwa tu?

Wanaotaka wote wapewe hawasemi ovyo. Fangasi aina ya Aspergillus hushambulia mapafu kimyakimya, kipimo cha damu mara nyingi hukosa kuigundua kwa wagonjwa hawa, na tiba ikichelewa vifo ni vingi.

Hata hivyo, wanaochagua nani apewe huonekana wabahili wa dawa, jambo ambalo si haki. Mtandao wa TRANSNET wa Marekani, uliofuatilia wapokeaji wa viungo kuanzia 2001 hadi 2006, ulikuta maambukizi vamizi ya fangasi, yaani yanayopenya hadi ndani ya mwili, ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 3.1. Wastani huo unapotosha ukisomwa peke yake, kwa kuwa kwa utumbo mwembamba ilikuwa asilimia 11.6, kwa mapafu 8.6, na kwa figo 1.3 tu. Tukiwapa dawa wote 1,000 waliopandikizwa figo kwa ajili ya 13, hao 987 tunawafanyia nini?

Tunawaweka hatarini. Vorikonazoli, dawa mojawapo ya fangasi, huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja takrolimasi, dawa ya kushusha kinga, ndiyo maana ikianzishwa, dozi ya takrolimasi hushushwa hadi theluthi moja ya ile ya awali. Mgonjwa hufika kliniki asubuhi kabla ya kumeza kidonge, hutolewa damu ya kupima takrolimasi, kisha jibu husubiriwa: kiwango kikizidi, figo ile ile aliyopewa huumia, na vorikonazoli ikisitishwa bila dozi kurudishwa, kiwango huporomoka na mwili huanza kuikataa. Kwa waliopandikizwa mapafu, matumizi yake ya muda mrefu yamehusishwa pia na saratani ya ngozi, ingawa kwao hatari ya fangasi ni kubwa kiasi kwamba sipingi wakingwe. Wala sizungumzii kotrimoksazoli, dawa ya kukinga dhidi ya Pneumocystis, fangasi wa nimonia, ambayo haivurugi takrolimasi kwa namna hiyo.

Kwa waliopandikizwa ini ndiko busara ya kuchagua inakoonekana wazi. Mgonjwa ambaye figo zake zimefeli hata anasafishwa damu kwa mashine, aliyerudishwa chumba cha upasuaji, au aliyepandikizwa ini mara ya pili, apewe dawa bila kusita. Aliyepona vizuri baada ya upasuaji mmoja afuatiliwe kwa karibu, asiongezewe kidonge.